Mtumwa Aliyepewa Sikukuu

Mtakatifu mlinzi wa Ireland hakuwa Mwairishi. Alizaliwa kisiwa cha jirani, Britania, enzi za Warumi, na mara ya kwanza kukanyaga ardhi ya Ireland alikuwa mateka, kijana wa miaka kumi na sita aliyekamatwa na wavamizi na kutiwa utumwani. Hayo si maneno ya mahasidi wake. Kayaandika mwenyewe. Na bado kila ifikapo tarehe 17 Machi watu kwa mamilioni, wengi wao hata Ireland hawajawahi kufika, huvaa kijani tupu, hupiga filimbi na ngoma mabarabarani, na wengine hunywa mpaka njia ya nyumbani inawapotea, vyote kwa jina lake.

Utaniuliza, ndugu msomaji: mtoto wa Temeke na sikukuu ya Waairishi, wapi na wapi? Swali la haki. Dada yangu mkubwa ni muuguzi mjini Dublin, huu mwaka wake wa sita. Machi moja ilipokaribia, wenzake wodini walimwuliza kama kwetu nako Mtakatifu Patrick anajulikana. Akawajibu kwamba kanisani tunamwita Patrisi, na hapo maelezo yake yakaishia. Usiku akanipigia simu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu. Wewe si ndiye mtu wa vitabu? Hebu niambie huyu Patrick ni nani hasa. Hapa kila ninayemwuliza ana lake. Mmoja ananiambia alifukuza nyoka, wa pili ananionyesha jani, wa tatu anasema dada usijisumbue, hii ni siku ya kunywa."

Nikamwomba anipe wiki moja. Wiki ikazaa mwaka. Wakati huohuo nilikuwa nauguza kidonda changu mwenyewe, kidonda cha mswada, nitakieleza mbele ya safari. Kwanza tuanze na nyoka, maana ndio wanaopendwa zaidi.

Hadithi inasema Patrick alipanda mlima, akafunga siku arobaini, kisha akawakusanya nyoka wote wa Ireland na kuwatosa baharini. Mlima wenyewe upo. Unaitwa Croagh Patrick, uko magharibi ya nchi katika kaunti ya Mayo, una urefu wa meta 764, na kila Jumapili ya mwisho ya Julai mahujaji kwa maelfu huupanda, wengine pekupeku juu ya mawe makali. Mlima ni kweli na mahujaji ni kweli. Tatizo ni nyoka. Barafu iliyoifunika kaskazini ya Ulaya ilipoyeyuka, bahari iliitenga Ireland kabla nyoka hawajavuka, kwa hiyo hakukuwa na wa kufukuzwa. Wala si wanasayansi wa leo tu wanaotia shaka. Katika karne ya 12 kasisi mmoja msafiri, Gerald wa Wales, aliitaja habari hii ya nyoka katika kitabu chake kuhusu Ireland, na akakataa kuiamini.

Haya, jani. Jani lenyewe huitwa shamroki, kimmea kidogo cha majani matatu jamii ya klova, ambacho Mwairishi hukibandika kifuani au kwenye kofia siku hiyo. Inasimuliwa kwamba Patrick alichuma jani hilo ili awafundishe wapagani Utatu Mtakatifu: majani matatu, shina moja, Nafsi tatu, Mungu mmoja. Mfano mzuri, hata katekista wa kwetu angeutumia. Lakini Patrick aliishi karne ya 5. Mtu wa kwanza kuandika kwamba watu huvaa shamroki tarehe 17 Machi ni msafiri Mwingereza, Thomas Dinely, mwaka 1681. Na kisa cha Utatu kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1726, katika kitabu cha mimea cha Caleb Threlkeld. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 1,200 baada ya marehemu kuzikwa.

Kuna kituko kingine. Ukimwambia Mwairishi akuletee shamroki halisi, hujui atakuletea nini. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa mimea, Nathaniel Colgan, aliwaomba watu wa pande mbalimbali za nchi wamtumie ile wanayoiamini wao kuwa ndiyo yenyewe. Akaipanda, akangoja ichanue, na kumbe walikuwa wamemtumia mimea ya aina tofauti. Mwaka 1988 jaribio lilirudiwa, majibu yakawa karibu yaleyale. Wengi walileta klova ndogo yenye ua la njano, lakini si wote. Jina lenyewe kwa Kiairishi, seamróg, maana yake ni klova changa, basi. Shamroki haioti shambani kama shamroki. Inakuwa shamroki pale mtu anapoivaa.

Na kijani? Hata hicho kina wasifu wake. Mwaka 1783 mfalme wa Uingereza alipounda daraja la heshima la Mtakatifu Patrick kwa ajili ya wakubwa wa Ireland, rangi iliyochaguliwa ilikuwa buluu. Kijani kilikuwa cha walalahoi waliochoka. Mwaka 1798 chama cha United Irishmen kiliposimama kuupinga utawala wa Waingereza, rangi yake ilikuwa kijani, na kinubi kwenye bendera yake kilichorwa juu ya kijani. Uasi ulizimwa kwa damu, na baada ya hapo kuvaa kijani kukawa ni kusema jambo ambalo mdomo hauthubutu. Ajabu ya dunia, mwaka 1900 Malkia Victoria huyohuyo aliyewatawala aliruhusu askari wake wa Kiairishi wavae shamroki tarehe 17 Machi, kwa kuwa walikuwa wamemwaga damu yao vizuri katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Jani lilelile, mara uasi, mara nishani.

Nilipomweleza dada yote hayo akacheka. "Kwa hiyo nyoka uongo, jani uongo, rangi uongo. Nikawaambie wodini?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

Maana ilikuwa imenijia kwamba swali la uongo na ukweli halinifikishi mbali. Hata sisi huku tuna mambo tunayoyafanya tangu enzi na enzi ambayo ukiyachimba utakuta yameanza juzi tu. Nilitaka kujua ni nani aliyeyahitaji haya yote, na kwa nini.

Nyumbani Ireland kwenyewe sikukuu hii kwa muda mrefu ilikuwa ya kimya. Iliingia katika kalenda ya Kanisa zima katika karne ya 17, na anayepewa sifa ya kuipigania ni Mfransisko mmoja mzaliwa wa Waterford, Luke Wadding, ambaye naye alikuwa akiishi Roma, mbali na kwao. Siku yenyewe huangukia ndani ya Kwaresima, kwa hiyo raha yake ya kwanza ilikuwa tumbo: siku hiyo mfungo ulilegezwa, nyama ikaruhusiwa. Watoto walijitengenezea misalaba ya karatasi na utepe, wakaipaka rangi na kuibandika kwenye nguo. Leo desturi hiyo imekwisha kabisa. Watu wazima walikuwa na desturi ya kuizamisha shamroki: ile waliyoivaa kutwa nzima hutumbukizwa kwenye glasi ya mwisho ya wiski, wakatakiana heri, wakanywa, kisha jani likatolewa chini ya glasi na kurushwa nyuma ya bega la kushoto.

Halafu kuna hili, ambalo wanywaji wa leo hawapendi kulisikia. Tarehe 17 Machi ilifanywa sikukuu ya taifa mwaka 1903, na kuanzia miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria ya Ireland iliamuru baa zifungwe siku hiyo. Zifungwe! Waairishi waliokuwa nyumbani walikwenda misa, wakala nyama ya nguruwe na kabichi, wakalala. Wakati wao wamelala, huko ng'ambo mambo yalikuwa moto.

Ukitafuta gwaride la kwanza la Mtakatifu Patrick, usilitafute Dublin. Kumbukumbu za Wahispania zilizochambuliwa miaka ya karibuni zinaonyesha maandamano ya mwaka 1601 katika mji wa St. Augustine, Florida. Boston walianza sherehe zao mwaka 1737. New York gwaride lilianza mwaka 1762, na walioandamana walikuwa Waairishi waliokuwa askari katika jeshi la Mwingereza, mbali na mama zao. Kisha mwaka 1845 ugonjwa ukashambulia viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa ugali wa maskini wa Ireland. Mpaka kufika mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja wamepanda meli. Hao ndio waliofika Marekani wakiwa mifupa mitupu, wakakuta vibao vya dharau na kazi za sulubu. Unadhani mtu kama huyo, siku moja kwa mwaka anapopata nafasi ya kutembea katikati ya barabara kuu huku polisi wamemfungulia njia, atatembea kimyakimya?

Hata chakula cha sikukuu kilibadilikia huko. Nyama ya ng'ombe ya chumvi, ambayo Wamarekani wanaamini ndiyo chakula cha Patrick, wahamiaji waliinunua New York kwenye mabucha ya Wayahudi waliokuwa majirani zao, kwa sababu nyama ya nguruwe waliyoizoea haikuwa rahisi kupatikana. Huko Chicago nako, mwaka 1962, mafundi bomba waliokuwa wakitumia rangi kutafuta mahali maji machafu yanapovujia waliimwaga rangi hiyo mtoni, mto ukawa kijani. Wanafanya hivyo mpaka leo, ingawa dawa yenyewe ilibadilishwa. Unga wake, niliposoma sikuamini, ni wa rangi ya machungwa. Unageuka kijani ukigusa maji. Dublin wao serikali ilianza gwaride mwaka 1931, na tamasha kubwa la siku kadhaa analoliona dada yangu lilianza mwaka 1996 tu. Yaani sherehe ilitoka nyumbani ikiwa kijana mpole wa misa, ikalelewa ugenini, ikarudi na miwani ya jua.

Wengine waliondoka Ireland na msalaba. Tarehe 17 Machi 1932, makusudi siku hiyo, lilianzishwa huko Kiltegan shirika la wamisionari lenye jina la Patrick, na baadhi yao walifika Kenya. Kule Iten kuna shule ya wavulana yenye jina hilohilo, St. Patrick's, ambako bruda wa Kiairishi, Colm O'Connell, alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia na akaishia kuwa mwalimu wa wakimbiaji. David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya meta 800 London mwaka 2012, ni mwanafunzi wake. Basi jina la mtumwa yule lina njia zake za kufika kwetu.

Dada yangu ana mgonjwa wake, bibi mzee sana, ambaye ndugu zake watano walikwenda Marekani wakati yeye bado binti. Anasimulia kwamba kila mwanzo wa Machi mama yake alichuma shamroki, akaifunga kwenye kitambaa kibichi, akaitia kwenye bahasha na kuipeleka posta. Ilikuwa inafika imekauka, nyasi tu. Mdogo wake mmoja aliwahi kujibu kwa barua kwamba aliifungua ile bahasha kwenye ngazi za nyumba ya kupanga na akashindwa kupanda ngazi zilizobaki.

Dada aliponisimulia hayo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama dagaa za mama." Kwa sababu mama yetu kila akisikia kuna mtu anakwenda Ulaya humfuata mpaka kwake na kifurushi: dagaa wa Kigoma, pilipili, khanga mbili. Na dada yangu, aliyekuwa hataki kuonekana na khanga hata dukani Tandika, Dublin anaivaa mpaka stendi ya basi. Hajaambiwa na mtu. Mtu akiwa mbali hushika kile kinachoshikika. Majani matatu yanashikika. Barua ndefu ya Kilatini haishikiki.

Na hapo ndipo nilipofika kwa Patrick mwenyewe.

Ameacha maandishi mawili tu. Moja huitwa Confessio, maelezo ya maisha yake. La pili ni barua ya hasira kwa askari wa mtu mkubwa aitwaye Coroticus. Yote mawili unaweza kuyamaliza kwa mkao mmoja, hayafiki kurasa za gazeti la Jumapili. Niliyasoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Hamna nyoka. Hamna jani. Hamna kijani. Kuna mtu anayeona haya.

Anaona haya ya lugha yake. Jamani, niliposoma sehemu ile niliweka karatasi chini. Anaeleza kwamba amekuwa akitaka kuandika kwa muda mrefu lakini akasita, akiogopa ndimi za watu, kwa sababu wenzake walisoma sheria na maandiko tangu utotoni bila kubadili lugha, wakati yeye maneno yake yalihamishiwa lugha ya kigeni. Miaka ambayo vijana wa rika lake walikuwa darasani wakinoa Kilatini, yeye alikuwa malishoni Ireland akichunga mifugo ya bwana wake, kwenye mvua na theluji, akisali usiku na mchana. Sita, miaka hiyo. Kisha akatoroka, akatembea anachokadiria kuwa maili mia mbili, akapata meli. Alipopata umri wa kuandika, Kilatini chake kilikuwa kimebaki na kovu. Wataalamu wanasema ni kigumu, kimekatikakatika, kimejaa Biblia maana ndicho kitabu alichokijua kweli. Anajifananisha na jiwe lililokuwa limelala kwenye matope mazito mpaka aliyeweza akaja kuliinua na kuliweka juu ya ukuta.

Tena anaandika akiwa kwenye matatizo. Wakubwa wa Kanisa huko Britania walikuwa wamemshitaki. Dhambi aliyoitenda akiwa na miaka kama kumi na tano, akamnong'oneza rafiki yake wa moyoni, rafiki huyo baada ya miaka thelathini akaianika. Dhambi gani? Hasemi. Karne kumi na tano wasomi wanabahatisha, yeye kafunga mdomo. Mwandishi chipukizi, jifunze hapo: kuna siri unaweza kuiweka katikati ya ukurasa na isifunguliwe milele.

Barua ya pili ndiyo iliyonikaa. Askari wa Coroticus, Wakristo wa jina, walikuwa wamewavamia watu ambao Patrick ametoka kuwabatiza, bado wamevaa mavazi meupe, bado mafuta matakatifu yanang'aa kwenye vipaji vya nyuso zao. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa kuuzwa. Patrick akampeleka padri kijana aliyemlea tangu utoto akaombe mateka warudishwe. Wakamcheka. Ndipo akaandika barua ya wazi ya kuwatenga na Kanisa, isomwe mbele za watu, hata mbele ya Coroticus mwenyewe. Humo mtu aliyekuwa mtumwa anawalilia wasichana waliouzwa mbali, na kuna mahali analalamika kwamba kwa wale watu ni aibu sisi kuwa Waairishi. Sisi, kasema. Mzaliwa wa Britania, aliyetiwa utumwani Ireland, kwenye hasira yake kajihesabu pamoja na waliomtumikisha. Sijui kama kuna uraia mwingine wa kweli kuliko huo.

Mimi nimezaliwa kwenye nchi yenye Bagamoyo. Nimewahi kupelekwa kule na shule, tukaonyeshwa minyororo, tukapigwa picha, tukarudi. Sikuwahi kukutana na maandishi ya kale namna hii ya mtu aliyeuonja utumwa mwenyewe kisha akashika kalamu kuwatetea wengine. Kwa nini siku yake ikawa ya nyoka na majani, si ya barua hii? Nililiuliza swali hilo kwa muda mrefu kwa uchungu, mpaka nikakutana na Montserrat.

Montserrat ni kisiwa kidogo cha Karibiani, koloni la Uingereza mpaka leo. Karne ya 17 Waairishi wengi walifikishwa huko, wengine kama vibarua wa mkataba, na baadaye baadhi yao wakawa wenye mashamba ya miwa na wenye watumwa. Watumwa ni Waafrika. Mwaka 1768 Waafrika hao walipanga kuasi, na siku waliyoichagua ni tarehe 17 Machi, kwa hesabu rahisi kabisa: mabwana watakuwa kwenye sherehe za Mtakatifu Patrick, wamelewa. Waliomo ndani ya nyumba ya gavana wangenyakua panga, walioko nje wangeshambulia na walichonacho. Siri ikavuja. Watumwa tisa wakanyongwa.

Tangu mwaka 1985 tarehe 17 Machi ni sikukuu rasmi Montserrat, na wanaokumbukwa ni hao waasi. Watu wa kisiwa hicho, wengi wao weusi wenye majina ya Kiairishi, huvaa kijani, hupiga ngoma za asili yao ya Afrika, na mgeni anayeingia hugongewa kwenye pasi mhuri wenye umbo la shamroki. Mwaka 1995 volkano ya Soufrière Hills ikaamka, ikaufunika mji mkuu, Plymouth, ukahamwa kabisa mwaka 1997, na wenyeji wengi wakatawanyika Uingereza na kwingine. Siku hizi Machi ikifika, waliotawanyika hurudi. Hapo nikaona mduara: siku ya mtumwa ikawa sherehe ya mabwana, watumwa wakaichukua kwa nguvu, wakaifia, na wajukuu wakaivaa. Wale tisa labda hawakujua kwamba Patrick aliwahi kuandika barua. Lakini kama kuna watu walioielewa bila kuisoma, ni wao.

Sasa mswada wangu. Niliandika hadithi ndefu juu ya makonda na mama ntilie wa kituo kimoja cha daladala, nikaipeleka kwa mchapaji mmoja hapa mjini. Ilirudi baada ya miezi minane. Ukurasa wa kwanza mhariri alikuwa amepitisha mstari mwekundu juu ya maongezi yote, na pembeni ameandika kwamba hiki si Kiswahili, ni kelele za kijiweni, niandike lugha ya watu waliosoma. Sikugombana naye. Niliuweka mswada chini ya godoro, na kwa miezi sikuweza kuandika hata barua. Kila sentensi ikija, namsikia mhariri anakohoa nyuma yangu.

Nadhani unaelewa sasa kwa nini wiki ya dada ilizaa mwaka. Nilikuwa nimemkuta mtu mwenye ugonjwa wangu, aliyekufa karne kumi na tano zilizopita. Naye hakujiponya kwa kujifanya msomi. Alisema wazi kwamba hajui kama wao wanavyojua, kisha akaendelea na habari yake. Wale mabingwa wa maneno aliowaogopa, ambao anawataja kwa kejeli kidogo ndani ya Confessio, barua zao ziko wapi? Majina yao nani anayo? Yake ilinakiliwa, na nakala ya zamani kuliko zote, iliyomo katika Kitabu cha Armagh cha mwaka 807 hivi, iko mpaka leo Trinity College, Dublin. Hata hiyo ni fupi kuliko nakala nyingine. Kuna mtu njiani aliikata. Wahariri, mnaona, hawakuanza leo.

Waairishi nao wanajua uchungu wa lugha. Siku hii kwa lugha yao ni Lá Fhéile Pádraig, na wiki zinazoitangulia wana tamasha la Kiairishi lililoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili lugha isife. Katika sensa ya mwaka 2022 watu milioni moja na laki nane na zaidi walisema wanaijua. Wanaoizungumza kila siku nje ya shule walikuwa karibu 72,000. Lugha inaweza kuwa na kamusi, shule, kituo cha televisheni, na bado ikakosa kijiwe. Ya kwetu vijiwe inavyo tele. Sioni kwa nini tuviombee msamaha.

Mswada nimeutoa chini ya godoro. Maongezi yamebaki kama yalivyo. Nilichobadilisha ni mwisho, kwa sababu zangu mwenyewe. Mchapaji mwingine anausoma hivi sasa, anaweza akaukataa naye, ni haki yake. Wewe unayesoma hapa huku una daftari lako kwenye droo, sikuahidi kwamba litadumu karne kumi na tano. Nakwambia tu kwamba yule bwana aliandika haya yake yakiwa bado mbichi, hakungoja ziishe. Na kama una ndugu yuko mbali, mwandikie leo, kwa Kiswahili kilekile unachogombania nacho nafasi kwenye daladala. Shamroki hatuna. Mtilie hata jani la mwarobaini.